Mzee Aliyepiga Maneno Pasi

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, mwaka wa 1994, saa nane na dakika ishirini mchana. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani kwa kina rafiki yangu Rael, yenye picha ya garimoshi, ambayo baba yake alipewa kazini relini. Ilikuwa inaenda mbele dakika tano na hizo nimeshazitoa. Ndipo Mkalimani alipokohoa, akaweka kofia yake gotini, akasema, "Haya, jamani. Nani anaanza?"

Nikiendelea moja kwa moja kutoka hapo, atakayesoma daftari hili atamchukia kabla hajamjua. Mimi nimemjua tangu nikiwa darasa la pili na mpaka leo sijui kama namchukia. Kwa hivyo nitaandika kwanza alivyokuwa, halafu nitarudi kwenye ile saa.

Hapa mtaani Mbotela hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mkalimani, basi. Mgeni akipotea na kuuliza, hata mtoto wa chekechea angemwelekeza: nyumba ya mwisho ya safu yetu, mlango wa kijani, viti viwili nje vinatazamana. Viti vilikuwa viwili kwa sababu ya kazi. Si kazi ya kortini, ile aliyolipwa, bali hii ya jioni na Jumapili ambayo hakulipwa. Watu wawili wakikosana hapa kwetu waliambiwa, "Nendeni mkakae kwa Mkalimani," wakaenda, mmoja kiti hiki na mwingine kile, na yeye akasimama katikati, ameegemea mlango.

Kortini alikuwa amefanya kazi miaka mingi kuliko umri wangu. Mshtakiwa akiwa hajui Kiswahili wala Kiingereza, yeye ndiye alikuwa mdomo wake. Alijua lugha sita na alikuwa anajifunza ya saba kwa muuza makaa mmoja aliyetoka mbali. Alituambia kwamba kanuni ya kwanza ya kazi ni kusema "mimi". Huambii hakimu, "Huyu anasema aliiba." Unasema, "Mimi niliiba." Ukisema "huyu anasema" umeshajitenga naye, na ukijitenga naye umeshamhukumu.

Kanuni hiyo ilimtia taabani na mama mkwe wake. Mama huyo alikuja Nairobi mara moja tu maishani na akataka kuona mkwe wake anafanya kazi gani ya kuvaa tai. Akapelekwa kortini, akaketi benchi la nyuma na kikapu chake. Mkwe akasimama mbele ya hakimu, kifua mbele, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni kweli, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeiba mbuzi watatu. Naomba mnionee huruma." Mama wa watu akapiga ukemi, akasimama, akasema atawalipa mbuzi hao yeye mwenyewe, mkwe wake aachwe tu arudi kwa watoto. Askari walimtoa nje akilia. Alirudi nyumbani na basi la jioni ile ile, na kijiji kizima kikajua kwamba bwana wa binti yake ni mwizi wa mbuzi na tena amekubali mbele ya watu. Ilimchukua Mkalimani Krismasi mbili kuwaeleza. Kila alipoisimulia hadithi hii alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema, "Lakini yule mwizi alipunguziwa kifungo. Nilimsemea vizuri."

Jumapili baada ya kanisa alisomea watu gazeti kwenye kibanda cha kinyozi, na hata huko alisema "mimi". Akisoma habari ya waziri alikuwa waziri, tumbo limetoka. Akisoma ya wafanyakazi waliogoma alikuwa mgomaji, ngumi juu. Vijana waliokuwa wakingoja kunyolewa walimtania.

"Niaje, mzae. Leo wewe ni nani?"

"Asubuhi nilikuwa waziri. Sasa hivi ni mwizi wa ng'ombe."

"Na nani ako sawa?"

"Nikiwa waziri, waziri. Nikiwa mwizi, mwizi."

Wakacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, nikiwa nimesimama kando na mkebe wa maziwa, maana mimi siwezi kusimama katikati ya watu.

Kitu kingine ni pasi. Alikuwa na pasi ya makaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, na kila jioni aliitoa nje akapiga shati la kesho. Shati moja alilipiga nusu saa. Mama yangu alisema hata wanaooa hawapigi pasi hivyo. Akiwa hapo ndipo watu walipomletea maneno yao, na kwa sababu hiyo watu wakaanza kusema kwamba Mkalimani anapiga pasi maneno. Yeye mwenyewe aliupenda huo msemo. "Kortini siwezi," aliniambia siku moja. "Kortini nimekula kiapo. Tusi likija nalitoa kama tusi. Lakini hapa nje nani kaniapisha? Mtu akija na neno lina makunyanzi, nalipiga kidogo ndipo nimpe mwenzake. Linavalika."

Na lilikuwa linavalika kweli. Mama wa nyumba ya tatu na mama wa nyumba ya saba waligombania kamba ya kuanikia nguo mpaka mmoja akakata kamba kwa kisu. Mmoja alisema yule mwingine ni mchawi. Mkalimani, kwa lugha ya yule mwingine, akasema, "Mimi naogopa. Tangu tugombane silali vizuri, naona kama kuna kitu kati yetu." Yule mwingine akajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mkalimani akasema, "Mimi nimeumia kwa sababu nilikuhesabu kama dada." Baada ya saa moja walikuwa wanakunywa chai kikombe kimoja kimoja, na ile kamba ikaungwa fundo. Fundo liko mpaka leo.

Nilimwona Mkalimani ni mtu mkubwa sana siku hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimeshajua kwamba watu wakubwa wakigombana kitu pekee ninachoweza kufanya ni kushika masikio. Huyu aliweza kitu kingine.

Lakini kuna jirani mwingine, sitamtaja, aliyempiga mkewe Ijumaa moja mpaka jicho likafunga. Mke akahamia kwa dada yake mtaa wa Mowlem. Wakakalishwa kwenye vile viti viwili. Bwana akasema ni mke wake, na kwamba mwanamke asipopigwa haoni kama anapendwa. Kama kawaida Mkalimani akalichukua neno, akalinyoosha, akalitoa upande wa pili: "Mimi nakupenda, ila sijui njia ya kukuonyesha." Yule mama akarudi nyumbani jioni hiyo. Watu wakapongeza.

Kesho yake kwenye bomba la maji mama yangu akasema, bila kumtazama mtu, "Kila mtu na maoni yake, sawa. Mgongo ni wa nani?"

Mkalimani alikuwa hapo kwenye foleni. Akasema, "Mama, yule bwana ndivyo alivyolelewa. Ukimsikiliza vizuri na yeye ana lake."

"Nimemsikiliza vizuri. Ukuta wangu na wake ni mmoja."

Mkalimani akavuta mtungi wake mbele hatua moja.

Sasa, hiyo foleni. Maji hapa yanakuja yakitaka, na bomba ni moja kwa safu nne, kwa hivyo mitungi inapangwa tangu alfajiri. Asiyeweza kuacha mtungi, labda kwa sababu ana mmoja tu na anautumia, anaweka jiwe. Jiwe likikaa hapo ni yeye amekaa hapo. Hata akiwa kazini viwandani, jiwe linasogezwa na jirani kama vile mtungi unavyosogezwa, na likifika kwenye bomba mtoto anatumwa mbio kumwita mtu wa nyumba hiyo. Mkalimani ndiye aliyeleta utaratibu huo, na kwa jambo hilo hakuwa mkalimani wa mtu. Mwanamke mmoja mgeni aliwahi kurusha jiwe la mtu kando na kuweka ndoo yake. Mzee alitoka nyumbani na sabuni usoni, nusu amenyoa.

"Rudisha hilo jiwe! Hiyo ni mbaya. Mbaya tu!"

"Si hayo ni maoni yako, mzee?"

"Hii si maoni, hii ni foleni!"

Watu walicheka siku tatu. Watoto wakayageuza mchezo, wanasukumana huku wanapiga kelele, "Hii si maoni, hii ni foleni!" Mimi pia nilicheka. Sikuona kitu chochote cha ajabu hapo. Nimekiona baadaye, na kuona baadaye hakumsaidii mtu.

Alinipenda kwa sababu mimi ni mnyamavu. Alisema ningefaa kortini. "Mkalimani mzuri hana lake," aliniambia. "Wewe huna lako, mama. Unasikia tu. Hiyo ni zawadi." Aliwaita wasichana wote "mama", lakini mimi nilijiona kama ananiita peke yangu. Shuleni wananiita Bubu. Nyumbani wananiambia niinue kichwa. Ni yeye tu aliyesema ni zawadi.

Kwa hivyo nilipokuwa kidato cha pili, muhula wa pili, mwalimu wetu wa maadili alipotupa insha, nilimwendea yeye. Swali lilikuwa: Je, maoni yote ya watu kuhusu jema na baya yana uzito sawa? Alikuwa akipiga pasi. Hakufikiri hata kidogo.

"Andika ndiyo. Mimi nimekuwa mwizi na nimekuwa aliyeibiwa. Kila mmoja akiwa mdomoni mwangu alikuwa na haki. Nimeonja wote wawili, mama. Uzito ni mmoja."

Nikaandika hivyo, kurasa tatu. Nilipata kumi na sita kwa ishirini. Chini mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Umeeleza vizuri. Lakini wewe mwenyewe unasema nini?" Nilikasirika. Nilimwonyesha Rael na yeye akasema, "Si umwambie husemi kitu. Akuzoee."

Rael alikuwa rafiki yangu, yule wa kweli, nilikuwa naye mmoja tu. Alikaa safu inayotazamana na yetu, nyumba yenye saa ya garimoshi. Alikuwa na mdomo kwa ajili yetu wote wawili. Mtu akiniuliza kitu yeye alijibu. Baba yake alikuwa mtu wa magharibi kama sisi, kijiji cha pili kutoka kwa babu yangu, na mama yake ametoka upande wa Machakos. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tu, na Rael na wenzetu mtaani Sheng, kwa hivyo lugha ya baba yake hakuijua zaidi ya kusalimia. Mimi ninaijua. Kwetu ndiyo tunayoombea na kugombania.

Baba Rael alikufa mwezi wa tano kwa ugonjwa wa kifua. Mwezi wa nane ndugu yake, baba mdogo wa Rael, alikuja na wazee wawili kuzungumza mambo ya familia. Baba mdogo huyo Kiswahili anakijua, amewahi kufanya kazi hapa Nairobi. Lakini alisema mambo ya ukoo hayawezi kuzungumzwa kwa lugha ya sokoni. Mama Rael akaja mbio kwa Mkalimani. Nilikuwepo. Alishika mkono wake kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, nisaidie. Sitaelewa hata neno. Wakitaka kunitoa nyumbani nitajuaje?"

"Utaelewa kila kitu," akasema. "Nitakuwa wewe, na nitakuwa wao."

Na sasa ni ile Jumamosi, saa nane na dakika ishirini. Wazee wawili kwenye kiti kirefu, baba mdogo kwenye kiti cha marehemu, Mama Rael kwenye stuli karibu na mlango. Nyumba zetu ni chumba kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia, na huko nyuma ndiko tulikokuwa mimi na Rael na birika na vikombe. Tulikuwa tumeitwa kumimina chai. Hakuna aliyefikiri kwamba tuna masikio.

Walizunguka sana kabla ya kufika. Pole za msiba, mvua, mahindi. Halafu baba mdogo akasema, kwa lugha yetu, na ninaandika kama alivyosema:

"Huyu mtoto tulishamla. Ng'ombe walifika bomani kwangu mwezi wa sita, na wawili nimeshauza. Mwambie huyu mwanamke afunge nguo za mtoto, na asinipigie kelele."

Kwetu mtu akisema msichana ameliwa, maana yake ni kwamba mahari yake imepokewa na kutumiwa. Hakuna maana nyingine. Kumbuka huo mwezi wa sita baba yake alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini. Rael alikuwa na miaka kumi na sita, kama mimi.

Nilimwona Mkalimani kupitia upenyo wa pazia akizungusha kofia gotini. Kisha akamgeukia Mama Rael, na sauti yake ikawa ile ya jioni, ya kwenye viti viwili.

"Mimi, kama ndugu wa marehemu, sitaki mtoto wa ndugu yangu ahangaike. Nimeshamtafutia mahali pa heshima, na watu wa huko wamempokea vizuri. Naomba, mama, umwandalie nguo zake, tusaidiane."

Baba mdogo, ambaye Kiswahili anakielewa, aliliacha lipite hivyo. Mama Rael akaweka mkono kifuani. "Na shule?"

Mkalimani akamtafsiria. Baba mdogo akacheka. "Shule ya nini? Jembe litamfundisha."

"Huko nako atafunzwa," akasema Mkalimani. "Hatakaa bure."

Mama Rael akaanza kulia, na yalikuwa machozi ya mtu aliyetua mzigo. Akasema asanteni, akasema alidhani wamekuja kumfukuza, kumbe wamekuja kumbebea. Mkalimani akayapeleka hayo kwa wazee, na sijawahi kusikia shukrani zimesemwa vizuri hivyo kwa lugha yetu. Mzee mmoja akafuta macho.

Nyuma ya pazia Rael akanisukuma kwa kiwiko. "Huyo mbuyu, baba mdogo, amesema nini kwa lugha yenu?"

Alikuwa ameshika vikombe viwili. Alikuwa ananiangalia mdomo.

Nikasema, "Vile Mkalimani amesema."

"Fiti," akasema. "Nilikuwa nimeshikwa na woga."

Nimejaribu kuandika kwa nini mara nyingi, na kila mara nachana ukurasa. Niliogopa. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Mkalimani alikuwa mtu mzima na alikuwa amesema, na mimi ni nani wa kusema mtu mzima amesema vingine. Hiyo pia ni kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na ni kibaya zaidi: nilijiambia kwamba baba mdogo naye ana lake, ndivyo alivyolelewa, na labda ukilipiga pasi neno lake ndivyo linavyotoka. Nilikuwa nimeshaandika kurasa tatu kuhusu hilo, nikapata kumi na sita.

Jumatatu Rael aliondoka na baba mdogo. Aliniachia kisanduku chake cha jiometri. "Nikienda nacho watoto wa huko watakiharibu. Nitarudi muhula ukifunguliwa." Muhula ulifunguliwa. Dawati lake lilikaa wazi wiki mbili, halafu msichana aliyehamia kutoka mtaa wa Fedha akalikalia.

Mwezi wa kumi na mbili mtu aliyetoka nyumbani kijijini alisema amemwona Rael sokoni amefunga kitambaa kichwani, yuko kwa bwana, na bwana mwenyewe ana watoto wakubwa kuliko Rael. Mama Rael alisafiri. Alikaa siku tatu, akarudi peke yake, na hakusimulia. Aliwaambia tu wamama kwenye bomba kwamba wale watu wa huko walimdanganya hata Mkalimani wa watu. Akaendelea kumpelekea Mkalimani uji wa shukrani kila Jumamosi. Nilikuwa naona kibuyu cha uji kinapita dirishani kwetu, nami naingiza kichwa ndani.

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Kisanduku kiko chini ya kitanda changu. Bikari yake imeshika kutu.

Mwezi wa pili mwaka huu, 1996, Mkalimani alistaafu, akasema anarudi nyumbani kwa mkewe. Majirani walipanga maombi ya kumuaga Jumapili alasiri. Mama Rael ndiye aliyechaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wanawake wote. Nilipopata habari hiyo nilishindwa kula. Jumamosi, saa kumi hivi, mama alinituma nikamrudishie mzee sufuria lake. Nilimkuta nje. Viti viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba, tayari kwa safari, kwa hivyo alikuwa amekaa juu ya sanduku. Pasi ilikuwa miguuni, baridi.

"Keti, mama," akasema. Hakukuwa na pa kukaa. Nikabaki nimesimama na sufuria.

Nilikuwa nimejifunza sentensi nzima njiani. Ilipotea. Nilichosema ni hiki: "Siku ile kwa kina Rael mimi nilikuwa nyuma ya pazia."

Hakushtuka. "Najua. Niliona miguu yenu chini."

"Nilisikia."

"Na mimi nilisikia. Nilisikia vizuri kuliko wewe." Akachukua kofia, akaizungusha. "Ningesema kama alivyosema, pale pangechimbika. Wale wazee wangetoka na hasira, wangemwita mjane mtu wa kando, wangechukua hata kile kitanda. Na mtoto wangemchukua vile vile. Nilifikiri, bora aende kwa amani. Mama alikuwa na lake, wale walikuwa na lao. Mimi ni nani nichague?"

Nilitaka kumwambia kwamba alichagua. Kwamba neno la Mama Rael halikuhitaji pasi hata kidogo, lilitoka limenyooka, na la baba mdogo ndilo alilolihangaikia, akalitia maji, akalikandamiza mpaka likafanana na la mtu mwema. Kwamba ili yawe sawa ilibidi amuazime yule mtu moyo wake mwenyewe. Haya yote nimeyapata leo nikiandika. Pale nilikuwa nimeshika sufuria tu. Kikatoka kitu kimoja tu.

"Mzee, hata asiyekuwepo bombani huwa ana jiwe."

Akaniangalia. Nadhani hakuelewa mara moja. Halafu nikaona ameelewa, kwa sababu aligeuza macho upande wa bomba, na huko mawe yalikuwa yamepangwa, manne au matano, yanangoja watu walio kazini.

"Hakuna aliyemuuliza yule mtoto," akasema polepole. "Sikuwa na maneno yake. Mkalimani hasemi neno ambalo hakupewa." Akanigeukia. "Alikuwa anataka nini?"

"Kurudi muhula ukifunguliwa."

Akasimama. Alivuta shati likanyooka, akashusha mikono pembeni, na akaongea kwa sauti ya kortini, ile ambayo sikuwahi kuisikia ila kwenye hadithi ya mbuzi.

"Mimi nataka kurudi muhula ukifunguliwa."

Hakukuwa na hakimu. Kulikuwa na mimi, na kuku wa jirani. Akakaa tena juu ya sanduku. Nilikuwa nataka aendelee, na nilikuwa nataka asiwahi kusema.

Akaniuliza, "Utamwambia?"

Nikahamisha sufuria mkono mwingine.

"Mwache na amani yake, mama. Mtoto ameshaenda. Ukweli wa sasa utamrudisha? Utamvunja yule mama mara ya pili, basi." Akafuta uso kwa kiganja. "Hayo ni maoni yangu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, maoni yangu. Nikaweka sufuria chini, nikasema safari njema, nikaondoka. Usiku kucha nilijiuliza kama yuko sawa. Inawezekana yuko sawa. Nimeligeuza pande zote na sioni mahali ambapo kusema kutamsaidia Rael hata kidogo.

Leo asubuhi, Jumapili, saa moja na nusu, nilienda kwa Mama Rael. Alikuwa nje anamenya viazi vya alasiri, sufuria kubwa kati ya miguu. Alifurahi kuniona. Alipangusa mikono, akatoa karatasi mfukoni mwa aproni.

"Afadhali umekuja, wewe msomi. Hebu niangalizie kama nimeandika vizuri. Nisije nikaaibika mbele ya watu."

Ilikuwa shukrani yake. Mistari sita. Wa tatu ulisema, "Alisimama kati yetu na hakuongeza wala kupunguza."

Nikaikunja. Nikasema, "Mama Rael, siku ile nilikuwa nyuma ya pazia," na safari hii sikunyamaza. Nilisema kwanza kwa lugha yetu, kwa sababu ndivyo ilivyokaa kichwani, halafu kwa Kiswahili, neno kwa neno. Huyu mtoto tulishamla. Ng'ombe walifika mwezi wa sita. Jembe litamfundisha. Sauti yangu ilikuwa ndogo na mbaya.

Alikuwa ameshika tena kiazi kilichomenywa nusu. Hakukiweka chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Na Rael alikuwa hapo na wewe?"

"Alikuwa hapo. Aliniuliza amesema nini."

Akangoja. Nikamwambia nilivyomjibu.